Daktari, Sema Amina

Mimi ni Mkurya wa Turwa, nilisimama mbele ya kisu cha ngariba huku ukoo mzima unaniangalia na sikupepesa jicho, na bado nimewahi kujificha stoo nyuma ya maboksi ya vyandarua nikimkimbia mwanamke mjamzito aliyekuja kuniomba nimwokolee mume wake. Haya, nimesema. Chekeni mmalize kwanza ndipo niendelee, kwa sababu mkinicheka katikati nitaishia hapohapo, maana kisa hiki nakisimulia kwa kujikaza.

Miaka ile ya rashi, dhahabu ilipokuwa imewatoa watu makwao hata walimu wakaacha chaki, mimi nilikuwa Nyakunguru kwenye zahanati ndogo ya kanisa. Kwa vyeti mimi ni tabibu, lakini huku kwetu ukivaa koti jeupe wewe ni daktari, basi nikawa Daktari Marwa. Tulikuwa wawili tu wa kutibu, mimi na muuguzi mmoja anaitwa Nyangi, dada mkimya, mcha Mungu wa kweli (siyo kama mimi, mtaona), na wagonjwa walikuwa wanakuja kuanzia alfajiri, huyu kapondwa kidole na nyundo, yule homa, yule kifua kimejaa vumbi la mawe.

Sasa mimi nilikuwa na utaratibu wangu. Simchomi mtu sindano kabla sijamwombea. Na siyo maombi ya kuonja, hapana, nilikuwa naanzia kwenye kuumbwa kwa dunia nakuja nayo taratibu mpaka kwenye kalio la mgonjwa, na mgonjwa amelala pale suruali iko magotini anasubiri. Nyangi siku moja aliniambia, "Daktari, huyu baba amekuja na malaria, ukimaliza kuomba atakuwa na malaria na njaa." Nikamwona hana imani. Mimi nilijua watu wananipenda kwa ajili ya yale maombi, na kusema ukweli nilikuwa najipenda mwenyewe pia.

Kitu kimoja hawakukijua. Mimi naogopa shimo. Siogopi damu, siogopi maiti, nyoka nimeua, lakini shimo naliogopa tangu nikiwa na miaka saba, nilipotumbukia kwenye shimo la choo ambalo baba alikuwa bado analichimba nyuma ya nyumba pale Turwa, nikakaa mle ndani kutoka asubuhi mpaka jua linazama, naita hakuna anayesikia, udongo unanidondokea kichwani kidogokidogo. Tangu siku ile hata kisima nachota nikiwa nimegeuza uso. Na huyu ndiye mtu aliyekwenda kufanya kazi mahali ambapo ukitembea hatua kumi umekutana na duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, jembamba kama mlango na refu usione mwisho.

Kosa nililifanya Jumapili. Mchungaji wetu, mzee wa watu, alikuwa amekaukiwa na sauti kabisa, anaongea kama mtu anayepuliza moto, akaniomba nimsaidie kutoa neno. Ningeweza kusema, "Baba, sijajiandaa." Maneno mawili tu! Lakini nani anakataa madhabahu? Nikapanda, nikaamua kuhubiri habari ya hofu. Nikawasema wachimbaji wanaofunga kitambaa cheusi cha mganga kwenye nguzo ya duara ili shimo lisiwale, wakati wenyewe wamebatizwa. Nikasema, "Mguu mmoja kanisani, mguu mmoja kwa mganga, siku dunia ikipasuka mtapasuka msamba!" Watu wakacheka, na Bosi Gesabo, mwenye duara kubwa kuliko yote pale, aliyekuwa amekaa benchi la tatu, akainama kufunga kamba za viatu (alikuwa amevaa ndala).

Kicheko kikanipanda kichwani. Nikavua koti la suti. Nikapiga meza nikasema, "Mkristo haulizi shimo lina futi ngapi! Mimi hapa, Bwana akinituma popote nitakwenda, hata duarani nitashuka!" Kigelegele kikapigwa, na aliyekipiga ni Ghati, mwimbaji wa sauti ya kwanza kwenye kwaya yetu, mke wa mchimbaji mmoja anaitwa Wambura, ambaye alikuwa anafanya kazi kwenye duara la huyohuyo Gesabo. Ningesema "hata Nairobi nitakwenda", nani angenidai? Lakini mimi nikachagua duara.

Jumanne saa nne asubuhi nikasikia pikipiki inakuja mbio, halafu sauti ya mtu huko nje, "Duara la Gesabo limekata, limebomoka! Wambura amebanwa mguu na jiwe, bosi anasema Daktari ashuke!"

Ashuke. Jamani, tumbo langu lilishuka kabla yangu. Nikaonja udongo mdomoni, udongo wa Turwa wa miaka ile, wallahi (samahani Mchungaji) niliuonja. Nikamshika Nyangi mkono nikamwambia, "Waambie nimekwenda Tarime kufuata dawa."

Nyangi akaniangalia. "Daktari, mimi niseme hivyo?"

"Sema tu! Watamwita mwingine."

Hakukuwa na mwingine. Mimi najua, yeye anajua, na Mungu anajua. Nikaingia stoo nikajibana nyuma ya maboksi ya vyandarua, nikavuta mlango.

Nikadhani watakuja wanaume, wataambiwa hayupo, wataondoka wanalaani. Wanaume ningeweza kuwavumilia. Akaja Ghati, ana mimba ya miezi saba, amekimbia kutoka nyumbani pekupeku. Nikamsikia anauliza, "Nyangi, Daktari yuko wapi?" Nyangi akasema kwa sauti ndogo, "Amekwenda... amekwenda Tarime, kufuata dawa."

Ghati hakulia. Akatafuta pa kukaa, na katika zahanati nzima, penye mabenchi mawili na viti vinne, akachagua kukaa chini akiegemea mlango wa stoo. Mimi niko upande wa pili, kati yetu kuna ubao tu. Akaanza kuomba. "Mungu, mrudishe Daktari haraka. Wewe ulimsikia, alisema atakwenda popote. Baba watoto yuko kule chini tangu alfajiri. Mrudishe Daktari, Mungu." Hakuongeza kitu, alikuwa anarudia hayohayo, na mimi nimeuma kola ya koti langu jeupe jasho linanitiririka mpaka kwenye soksi. Mnajua kuombewa na mtu unayemdanganya muda huohuo? Msije mkajaribu.

Halafu akasema, "Wacha nimpigie."

Sikuwa nimezima simu. Jamani, mwizi wa kuku anajua kumfunga kuku mdomo, mimi nimesoma miaka mitatu ya utabibu sikujua kuzima simu. Na mlio wangu haukuwa mlio wa kawaida, nilikuwa nimeweka wimbo wa kwaya yetu wenyewe, tuliourekodi kwa simu siku ya mavuno, na sauti inayoanza wimbo ule ni ya Ghati. Kwa hiyo yule mama alikaa pale sakafuni, simu sikioni, akajisikia mwenyewe anaimba haleluya kutoka stoo.

Nikatoka. Ungefanya nini? Nilinyakua boksi la glavu lililokuwa karibu nikatoka nalo nimelinyanyua juu kama kombe, nikasema, "Nilikuwa natafuta glavu." Nyangi alikuwa anaangalia sakafu na machozi yanamdondoka kwenye viatu. Ghati hakuniuliza hata swali moja. Alinyanyuka kwa kushika ukuta akasema, "Twende, Daktari." Afadhali angenizaba kofi.

Nikazoa vitu kwenye begi bila kutazama, dripu, sindano za maumivu, bandeji, nikapanda pikipiki. Nyangi akasema atakuja nyuma na mbao za kufungia mguu. Njiani nilikuwa naomba pikipiki ipasuke tairi. Haikupasuka.

Pale duarani watu walikuwa wamejaa, wachimbaji, wanawake wanaoponda mawe, kwaya karibu yote, na Mchungaji ameketi kwenye gunia la mchanga ameshika fimbo yake. Bosi Gesabo aliponiona akanyanyua mikono, "Si niliwaambia? Alisema atakuja, amekuja!" Akanieleza haraka kwamba gogo moja la kuzuia ukuta liliteleza, jiwe likashuka likamlalia Wambura chini ya goti. Vijana wana jeki ya gari, wanaweza kulinyanyua muda wowote, ila hawathubutu, kwa sababu kwenye duara la jirani walishanyanyua jiwe harakaharaka na yule mtu akawafia mkononi kabla hajafika juu. "Ndiyo maana nimesema mtu yeyote asimguse mpaka Daktari amtengeneze," Gesabo akasema. "Na yale magogo mengine hayatasubiri sana, Daktari, yameshaanza kulia."

Nikamwamkia Mchungaji, "Shikamoo baba." Akanipulizia, "Marahaba mwanangu. Shuka na Bwana." Nikasogea mdomoni mwa shimo nikachungulia. Giza, na hewa ya moto inakupanda usoni kama mtu anakuhemea. Na hapo mdomo wangu ukanisaliti. Sikukusudia, lilitoka lenyewe, tena kwa sauti, "Lina futi ngapi?"

Mama mmoja wa kwaya akacheka puu, akajiziba na kanga. Gesabo akasema bila ubaya wowote, "Sabini, Daktari. Lakini si ulisema hatuulizi?"

Kushuka kwenyewe unakalia fimbo iliyofungwa kwenye kamba ya manila, wanaume wanne wanaizungusha kwenye kigogo, unaenda. Wamenivika tochi kichwani, begi mgongoni, boksi la glavu limefungwa kwenye begi. Miguu ilipoachana na ardhi nikadaka kitu cha kwanza kilichokuwa karibu, nikakishika, wakasema achia Daktari, siachii, mmoja akasema, "Achia mura, unatuchelewesha!" wakanivuta vidole, kamba ikateleza, nikashuka kwa kishindo kama nusu ya kimo cha mtu, na kile kitu nimeshuka nacho mkononi. Sikukiangalia. Macho nilikuwa nimeyafumba.

Nikiwaambia niliogopa sitakuwa nimewaambia. Kuta zilikuwa zinanigusa mabega yote mawili. Kila baada ya muda kokoto zinashuka zinanigonga kichwani, na udongo mlaini unaingia kwenye kola, uleule. Ule mwanga wa juu ukawa sahani, ukawa kikombe, ukawa kitufe cha shati. Nilijiona nimerudi kwenye umri wa miaka saba, naita baba hasikii. Nikasema moyoni, leo ndiyo siku, lile shimo la Turwa lilikuwa linanisubiri tu nikue.

Chini kabisa njia inageuka ya kulala, unatambaa kwa tumbo kama hatua sita. Mchimbaji mmoja mwenye jeki alikuwa ananisubiri, akanivuta kwa mikono. Na pale nikamkuta Wambura. Wambura ni mtu wa Ikoma, kabla ya rashi alikuwa anatunza bustani kwenye hoteli moja ya kitalii karibu na lango la hifadhi, mtu wa maua, mpole, wenzake walikuwa wanamtania kwamba anayaomba mawe ruhusa kabla ya kuyapiga nyundo. Mguu wa kushoto uko chini ya jiwe la ukubwa wa meza, uso umekuwa wa majivu, midomo imekauka. Akaniangalia kwenye mwanga wa tochi akasema, "Karibu, Daktari. Samahani kwa usumbufu."

Samahani kwa usumbufu! Na mimi napapasa zipu ya begi siioni. Juu yetu lile gogo likasema kriii, kama mlango wa zamani, vumbi likashuka. Sikuweza kuanza. Nilijua la kufanya, nimesomea, lakini mikono haikuwa yangu. Basi nikafanya kile ninachokifanyaga siku zote, nikasema, "Tuombe."

Nikaanza. Nikaanzia kwenye kuumbwa kwa dunia. Nikamshukuru Mungu kwa mbingu na nchi, nikamshukuru kwa Mkoa wa Mara na mvua zake, na kila nilipofika mahali pa kumalizia gogo likalia tena, nami nikaona afadhali niendelee, kwa sababu nikisema amina itabidi nifumbue macho. Nikaombea viongozi. Nikaombea wasafiri. Halafu woga ukanishinda nguvu ukaniingia mpaka kwenye maombi yenyewe, nikajisikia nasema kwa sauti kubwa, "Bwana usiniue humu! Nisamehe, nilijificha stoo, nikamtuma Nyangi adanganye, lakini usinizike humu Bwana, nina watoto, nina watoto Bwana, bado wadogo!"

Nikahisi mkono umenigusa goti.

"Daktari," Wambura akasema taratibu, "na mimi nina watoto. Sema Amina."

Mimi nikashindwa hata kuitoa. Na hapo, kutoka juu, futi sabini, ikashuka sauti ya Mchungaji, ile sauti iliyokaukiwa, sijui aliitoa wapi, "Amina!" Na nyuma yake kanisa zima na wachimbaji wote, "AMINA!"

Ndipo nilipojua kwamba duara ni bomba. Walikuwa wamesikia kila neno.

Lakini niwaambie, ile aibu ilinisaidia. Ilikuwa kubwa kuliko woga, ikausukuma pembeni, mikono ikarudi. Nikafungua begi. Glavu zipo, boksi zima, jozi hamsini, tungeweza kumvalisha kila mchimbaji wa Nyakunguru. Ule mpira wa kumfunga mtu mkono ili mshipa uonekane, sina. Nilikuwa nimeuacha zahanati, kwa sababu nilipopaswa kupanga begi nilikuwa nyuma ya vyandarua. Na Wambura mishipa yake ilikuwa imezama kabisa, dripu haiingii bila kumfunga, na bila dripu lile jiwe halinyanyuliwi, angetufia kama yule wa duara la jirani. Nikaangaza huku na huku, nikaona mkononi mwangu mwenyewe, mkono wa kushoto ambao sikuwa nimeufungua tangu juu, kuna kitambaa. Cheusi. Cha mganga wa Gesabo. Ndicho nilichokuwa nimekidaka pale kwenye nguzo.

Sikuwa na muda wa kufikiri teolojia, wala wa kukumbuka kwamba hata glavu au bandeji ingefungia mkono. Nikamfunga nacho mkono juu ya kiwiko, nikapapasa, mshipa ukainuka, sindano ikaingia mara ya kwanza. Yule wa jeki akashika chupa ya dripu juu. Nikakifungua kile kitambaa ili maji yapite, lakini sikujua pa kukiweka, nikakizungushia palepale ili sindano isichomoke. Nikampa ya maumivu, nikamzungushia paja bandeji tayari kuzuia damu, nikasubiri maji yaingie kwanza, na kule kusubiri, jamani, kule kusubiri na gogo linalia, sitaki kuwasimulia sana. Nikasema, "Nyanyua." Jiwe likanyanyuka kidogo, kidogo, nikauvuta mguu. Wambura aliuma meno hakutoa sauti. Mimi nilitoa. (Wanaosema nililia wanaongeza chumvi. Nilitoa sauti.) Damu ikaja, nikaibana na bandeji kwa uzito wangu wote mpaka ikakubali. Zile mbao za Nyangi zilishushwa kwa kamba, nikamfunga mguu ukawa kama gogo.

Wambura akatangulia kupanda na yule mwenzake akining'inia chini yake akimshikilia, kwa hiyo nikabaki peke yangu mle chini mpaka kamba irudi. Tochi yangu ikaanza kufifia. Pale niliomba maombi mafupi kuliko yote ya maisha yangu, nilisema, "Bwana, nitoe," nikanyamaza. Kamba ikarudi. Kitu cha ajabu, yalisikika vilevile.

Sasa mngedhani nilipofika juu mambo yameisha. Nilitoka nimejaa udongo mpaka kope, nikakuta Wambura amelazwa kwenye gari la Gesabo tayari kwenda hospitali Tarime, Ghati amempakata kichwa, na Gesabo amesimama ameushika ule mkono wa Wambura ameuinua watu waone. "Mnaona?" anasema. "Mnaona? Kitambaa! Daktari mwenyewe, mtu wa Mungu, amekishusha kitambaa kikamlinda mtu! Jumapili alitusema, leo amejua!" Na watu wanaguna, wanatikisa vichwa, mmoja nilimsikia anamwuliza mwenzake yule mganga anakaa wapi. Kwaya inaniangalia. Mchungaji ananiangalia.

Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kusema ni mambo ya kitabibu, hamtaelewa, na wangenyamaza wote. Lakini nilimwona Nyangi amesimama nyuma kabisa, peke yake, kama mtu ambaye ndiye mkosaji, na watu wamempa nafasi pande zote. Walikuwa wamesikia jina lake kutoka shimoni.

Nikasema kwa sauti, "Kile kitambaa nilikidaka kwa woga. Sikukishusha kwa kukiamini, nilikishusha kwa sababu nilikuwa naogopa kuachia. Nimemfungia mkono kwa sababu mpira wangu niliusahau, na niliusahau kwa sababu nilikuwa nimejificha. Nyangi hana kosa, mimi ndiye niliyemtuma aseme uongo, na Ghati alikuwa mlangoni ananiombea wakati mimi..." Nikaona machozi yanakuja, nikaona pia kwamba watu wamenyamaza wananisikiliza, na (msinihukumu) ile raha ya madhabahu ikaanza kunirudia, nikavuta pumzi nikasema, "Na ndugu zangu, jambo hili linatufundisha mambo matatu..."

Kutoka kwenye gari, ile sauti ya upole, imedhoofika lakini inasikika vizuri kabisa, "Daktari! Sema Amina, twende hospitali!"

Kicheko kilichopigwa pale sijawahi kukisikia hata harusini. Mchungaji alicheka akapaliwa. Gesabo mwenyewe alishika tumbo. Mimi nikapanda gari nikashika dripu mpaka Tarime, na tulipokaribia kufika, Ghati akasema bila kuniangalia, "Lakini ulishuka."

Mguu ulipona. Anachechemea, ameacha duara, amerudi kwenye maua yake Ikoma. Gesabo alifunga kitambaa kipya wiki ileile, kwa hiyo msidhani nilimbadilisha mtu.

Nyangi ndiye aliyeniumiza. Nilimwendea kesho yake asubuhi kumwomba msamaha, nimeandaa maneno mengi. Akanisikiliza huku anachemsha vifaa, halafu akasema, "Daktari, uongo ulikuwa wako, lakini ulitokea mdomoni mwangu. Mimi nimeshatubu. Wewe tubu wa kwako, usije ukatubu na wa kwangu ukaonekana una huruma." Akafunika sufuria. Na siku ile nzima hakuna utani alionitania, na niligundua kwamba utani wake ndio niliokuwa nauhitaji kuliko msamaha.

Tangu hapo kuna neno moja sijalitumia tena, nalo ni "popote". Mtu akiniuliza kama nitakwenda mahali, nauliza kwanza ni wapi, naogopa kwanza, halafu ndipo naenda. Na shimo bado naliogopa, tusidanganyane.

Miezi miwili baadaye Ghati alikuja zahanati kujifungua kabla hawajahama. Uchungu ulikuwa mrefu, mtoto amekaa vibaya, Nyangi ananiangalia, na mimi nikaanza kuhisi ule udongo mdomoni. Nikafumba macho nikasema, "Bwana Mungu, wewe uliyeziumba mbingu na..."

"Daktari," Ghati akasema kwa meno yaliyobanana.

"Amina," nikasema, hata hajamaliza, na Nyangi akacheka, mara ya kwanza tangu siku ile, akanitupia glavu.